Namna Hadisi Yangu Ilivyogeuka ya Kila Mutu

Amani kwenu, mama na papa wote mulioko hapa. Amani pia kwenu vijana muliosimama kule karibu na mulango, tayari kukimbia. Ikaeni. Hakuna atakayewapiga leo. Mimi ni mwalimu, wengi wenu nimewafundisha kusoma, na sura ya mutoto anayeogopa kuitwa mbele naijua vizuri.

Munajua kwa nini kiongozi wa shirika letu ameniomba niseme. Makundi mawili ya vijana wa parwasi, parokia yetu, yamegombana juu ya muchezo wa Noeli. Hawa wanasema wale wameiba hadisi yao, wale wanasema wezi ni hawa. Jumapili iliyopita mulivutana mashati pale nje, mbele ya padri. Kiongozi akaniambia, "Mama Mwalimu, waeleze yaliyokupata." Nikamujibu kwamba sitaki. Akasema, "Hata kama hutaki, watakusikia wewe kuliko mimi." Basi nimekuja.

Sitataja jina la mutu. Wengine wamekufa, wengine walihamishwa mbali, na mumoja amekaa pale kando ya dirisha. Si wa dini yetu, amekuja kwa sababu nilimuomba, na nikikosea habari mutamusikia anakohoa. Siku hizi midomo imefunguka kidogo. Wakati ninaotaka kuwaeleza, mutu alitazama nyuma kabla ya kucheka.

Nilikuwa mama kijana, na watoto wangu wadogo. Mume wangu alikuwa mbali na kazi ya barabara. Asubuhi nilifundisha, na baada ya masomo nilitunga michezo. Ilikuwa miaka ile tulipoacha majina ya ubatizo, wanaume wakavua kravati zao za shingoni, tukaanza kuitana sitwayeni, yaani raia. Leta, ndiyo serikali, ilitaka kila kitu kiwe cha kwetu: nyimbo za kwetu, nguo za kwetu, hadisi za kwetu. Kwa mutu anayependa hadisi kama mimi, sitawadanganya, kulikuwa na utamu ndani yake. Kila sikukuu kubwa makundi yaliitwa kucheza katika uwanja wa masomo, pale shuleni, na watu walijaa, wengine wamekaa juu ya mawe meusi yaliyotoka katika mulima, na watoto juu ya ukuta.

Kulikuwa na kundi lingine lililocheza siku hizo hizo. Kiongozi wake alikuwa dereva wa kamio, yale magari makubwa ya mizigo, kijana wa familia ya Kiislamu iliyotoka Maniema na biashara zamani. Mudomo aliokuwa nao yule! Siku moja nilipomaliza muchezo wangu wa sungura na chui, alisimama katikati ya watu na kusema, "Huyu mama hatungi kitu. Anapasha moto chakula cha jana." Uwanja mzima ukacheka. Watu wa kundi langu pia walicheka, nikawaona.

Mimi ni mutu wa hasira, munanijua. Nilirudi nyumbani nikaapa nitatunga hadisi ambayo hakuna mutu aliyewahi kuisema tangu dunia iumbwe. Ndugu zangu, nawaambia, jaribuni muone. Nilitunga habari za yatima na mama wa kambo. Jirani yangu akasema, "Aa, ile," akaimalizia. Nikatunga ya muwindaji aliyemuhurumia nyoka. "Ile tunaijua," akasema, "nyoka anamulipa mabaya." Hakuna uchungu kama kuanza hadisi yako mupya, na jirani akaimaliza huku anamenya viazi. Nilikonda. Nilichapa watoto masomoni bila sababu. Nikaanza kumuona yule dereva hata ndani ya sahani yangu.

Halafu ikaja. Shefu mumoja, mutawala wa kijiji, anapata wageni, anaazima ng'ombe wa mujane, ng'ombe mwenye kengele shingoni. Anaahidi atamurudisha. Wageni wanakula, yeye anakula kuwapita wote, kwa haraka na tamaa, mpaka anameza na kengele. Tangu siku ile, kila akisimama kusema mbele ya watu, kengele inalia ndani ya tumbo lake. Mwisho mujane anasimama katikati ya mukutano, anamwita ng'ombe wake kwa jina, na tumbo la shefu linaitikia.

Nikamusimulia jirani. Kisu chake kikasimama juu ya kiazi. Akaniuliza, "Halafu?" Ndugu zangu, ile "halafu" njo, ndiyo hasa, niliyokuwa nimeitafuta miezi yote.

Na ile kengele, niwaambie ilikotoka, kwa sababu siku zile sikumuambia mutu. Kwetu ni milima ya Masisi, na Papa alikuwa muchungaji wa ng'ombe. Ulikuja ugonjwa ukamaliza ng'ombe wake wote. Wa mwisho alikuwa na kengele, na alipokufa, Mama aliichukua akaifunga kwenye mulango wa jikoni, kusudi asikie kuku wakiingia. Sasa kila mulango uliposukumwa, hata na upepo, Papa aliinua kichwa. Alijua ni mulango. Aliinua tu. Nilikua nikimuona Papa anainua kichwa hivyo, na nikahama kwenda kusoma, na nikaolewa, na kengele ile haikutoka masikioni mwangu.

Sasa kuna desturi ya nyumbani kwetu ambayo, kama ningeifuata, nisingekuwa na habari ya kuwaeleza leo. Koko wangu, mama ya mama yangu, hakuanza hadisi bila kusema nani alimupa. "Hii nilipewa na shangazi yangu, naye alipewa na mama-mukwe wake, upande wa pili wa mulima." Akisahau, sisi watoto tulipiga kelele, "Nani alikupa?" na hatukumusikiliza mpaka ataje. Nilikulia ndani ya neno hilo. Lakini siku ya sikukuu, kabla ya muchezo wangu kuanza, nilisimama mbele ya watu wote nikasema kwa sauti, "Muchezo huu sikupewa na mutu. Hakuna aliyewahi kuusema. Umetoka katika kichwa changu mimi peke yangu." Nikamutafuta dereva kwa macho ili asikie vizuri.

Kitu ambacho sikukijua ni hiki. Katika viti vya mbele alikaa Mukubwa mumoja wa Leta, na majuma yaliyotangulia huyo Mukubwa alikuwa amezunguka milimani kwa wachungaji, akichukua ng'ombe kwa ajili ya sikukuu ile ile. Aliwaambia ni kuazima. Wachungaji walikuwa wamekwisha kuelewa kwamba hawatawaona tena. Mimi nilikuwa hapa mujini Goma nafundisha a, e, i, o, u. Sikusikia kitu. Nilijisifu kwamba nimetunga jambo ambalo halijawahi kuwako, kumbe lilikuwa linafanyika mbele yangu, na nusu ya watu waliokaa pale uwanjani walitoka milimani.

Walianza kucheka, na kicheko chao kilikuwa kinakatika njiani. Wanacheka, wananyamaza, wanaangalia viti vya mbele. Mimi nilifikiri ni utamu wa muchezo. Mujane alipomwita ng'ombe wake na kengele ikalia, mama mumoja kule nyuma alipiga vigelegele, halafu akajifunika mudomo kwa kitenge. Nilifurahi, mujinga mimi. Nilifurahi sana.

Ndipo Mukubwa akasimama kutoa hotuba ya kufunga sikukuu. Akapanua mudomo. Na nyuma ya uwanja, mutu akapiga kengele ya baiskeli.

Uwanja ulipasuka. Wanaume walishikana mabega, akina mama walilia machozi ya kicheko, watoto walianguka toka ukutani. Mukubwa akafunga mudomo. Akangoja. Akaupanua tena, na baiskeli ikalia tena. Hakumutafuta aliyepiga. Alinitazama mimi.

Kesho yake asubuhi askari walikuja masomoni. Nilikuwa na chaki mukononi, naandika kwenye ubao. Watoto walisimama kuwasalimu, kwa sababu nilikuwa nimewafundisha kusimama mugeni akiingia. Nikaiweka chaki, nikatoka nao.

Makaratasi ya muchezo wangu yalikuwa juu ya meza ya Mukubwa. Akaniuliza, "Nani alikutuma?"

"Hakuna, Sitwayeni."

"Nani alikupa habari ya ng'ombe?"

"Ng'ombe gani, Sitwayeni?"

Alipiga meza, wino ukamwagika. Halafu akapoa, na kupoa kwake kuliniogopesha kuliko kupiga meza. "Weye mwenyewe ulisema mbele ya watu wote. Ulisema hakuna aliyekupa. Ulisema ilitoka katika kichwa chako. Basi kichwa chako njo kilinifikiria mimi."

"Hapana, Sitwayeni. Ni hadisi tu, kama hadisi za zamani."

"Kama ni ya zamani, lete mutu anayeijua."

Muone mutego niliojitegea. Nilikuwa nimesumbuka miezi na miezi kuhakikisha hakuna mutu hata mumoja anayeijua hadisi ile. Na nilikuwa nimeitangaza kwa kinywa changu. Sasa ningemutoa wapi mutu wa kuijua?

Wakanipeleka kasho, kifungoni. Nilisikia wanasema nitapelekwa mbali, na watu waliopelekwa mbali siku zile tulikuwa hatuwaoni tena. Wengine wakija kutoa ushuhuda husema waliimba zaburi ndani ya kifungo. Mimi sikuimba. Nililia juu ya watoto wangu. Niliwaza nani atawaosha, nani atawaambia mama yao iko wapi, na kama yule mudogo atakumbuka sura yangu.

Jirani yangu, yule wa viazi, aliwachukua watoto kwake, na aliniletea chakula. Pale mulangoni nilimunong'oneza atafute mutu yeyote wa milimani aje kusema anaijua hadisi. Alizunguka. Watu walionipenda walimusikiliza, wakatazama chini. Nani ataenda mbele ya Mukubwa yule na kusema, ndiyo, mimi naijua hadisi ya shefu mwenye kengele tumboni? Sikuwalaumu. Mimi mwenyewe nisingeenda.

Siku moja asubuhi wakanitoa, wakanirudisha mbele ya ile meza. Na pale kando, kofia mukononi, alisimama yule dereva.

Nikasema ndani yangu, huyu amekuja kunimaliza.

"Sitwayeni Mukubwa," akaanza, "nimesikia huyu mama iko hapa juu ya ile muchezo. Miye nimekuja kusema kweli. Huyu mama ni mwizi."

"Mwizi wa nini?"

"Wa hadisi. Ile si yake. Kila mutu anaijua, toka Sake mpaka Bunagana. Ni hadisi ya fisi! Fisi alikula mbuzi ya mujane, akameza na kengele. Sasa kila akienda kuwinda, kengele inalia ndani ya tumbo, nyama wote wa pori wanakimbia. Akakonda, akakonda. Mwisho akaenda mwenyewe kwa yule mujane, akapiga magoti: mama, nitoe hii kengele. Mujane akamuambia..." Hapo alisimama kidogo, akajipangusa jasho. "Akamuambia: kwanza rudisha mbuzi."

Askari wa mulangoni alicheka kwa pua, akajikaza.

"Huyu mama ameondoa fisi, ameweka shefu, basi," dereva akaendelea. "Hana akili ya kutunga. Nilisema hivyo zamani mbele ya watu. Muulize yeyote."

Mukubwa alikuwa anamutazama bila kufumba macho. Akauliza polepole, "Na katika hadisi yako, huyo fisi ni nani?"

Askari akaangalia mabati ya juu.

"Fisi ni fisi, Sitwayeni," dereva akajibu. "Miye sijaona bado mutu anayesikia hadisi ya fisi, halafu anasema, ni mimi."

Nilisikia watu wanapita nje na mizigo yao, wanaongea habari za bei ya samaki. Mwisho Mukubwa akanigeukia mimi. "Ni kweli? Uliiba?"

Ndugu zangu, neno moja tu lilitakiwa. Watoto wangu walikuwa kwa jirani wananingojea, na neno moja lingenirudisha kwao. Na bado lilinikwama. Katika maisha yangu yote, kitu nilichokifanya mimi mwenyewe, ambacho sikunakili kwa mutu, kilikuwa kile. Nikamutazama dereva, nikangojea nimuone anacheka. Hakucheka. Uso wake ulikuwa na jasho kila mahali.

"Ndiyo," nikasema. "Niliiba."

"Tutaona," akasema Mukubwa. "Kesho nitatuma askari aulize Sake, halafu barabara ya Bunagana. Kama hakuna mutu anayeijua hiyo hadisi ya fisi, mutalala hapa wote wawili."

Nilimuona dereva anameza mate. Nilifikiri ana kiu. Yeye aliachwa aende, mimi nikarudishwa kasho.

Askari akaenda. Aliporudi, nilisikia toka ndani ya kasho anavyowaeleza wenzake. Pale Sake akina mama wa sokoni walimucheka. "Ile ya fisi na kengele? Hata mutoto anaijua ile!" Mumoja alimuambia kwamba alipewa na koko wake. Barabara ya Bunagana, hivyo hivyo. Wakanifungua.

Lakini Mukubwa hakutaka nitoke bure. Jumamosi, siku ya salongo, ile kazi ya lazima ya Leta, wakati kartié nzima, mutaa wote, iko barabarani inafagia na kutoa mawe, nilitakiwa kusimama na kusema mbele ya wote. Nikasimama, fagio mukononi. Nikasema, "Ule muchezo sikuutunga mimi. Niliiba hadisi ya fisi. Mimi sina akili ya kutunga." Mukubwa alisikiliza toka dirisha la gari lake, halafu gari likaondoka. Watu walirudia kufagia mahali ambapo palikuwa pamekwisha kufagiwa. Dereva alikuwa anabeba mawe, na hakuinua kichwa.

Nilirudi kwa watoto wangu, na ningepaswa kupiga magoti na kushukuru. Nilishukuru. Halafu niliyachukua makaratasi yangu yote nikawashia makaa. Masomoni watoto wakaniita Mwalimu Fisi, wakifikiri sisikii. Sikutunga tena. Hadisi ya kuwalaza watoto wangu mwenyewe ilinishinda, nilianza nikanyamaza. Na yule dereva kila aliponisalimu njiani, mimi niliangalia mawe, nikapita. Mukubwa alihamishwa, tukasahau hata sauti yake, na mimi bado niliangalia mawe. Miaka ilikwenda hivyo.

Sasa musikilize vizuri, nyinyi wa mulangoni.

Dada yangu aliolewa upande wa Bunagana, nikaenda kumutembelea. Pale kwenye mupaka, kwa watu wa forodha, tulikuwa tumepanga mustari mrefu, na mvua ikaanza. Tulijibana chini ya bati. Kando yangu kulikuwa na mama mumoja na mafungu yake ya nguo, na mutoto wake analia. Ili amunyamazishe, akaanza, "Hii nilipewa na koko yangu." Niligeuka kwa sababu ya ule mwanzo, ulinikumbusha nyumbani. Na akaisema. Fisi, mbuzi, kengele ndani ya tumbo. Alipofika mwisho, mutoto mwenyewe alipiga kelele kabla yake, "Kwanza rudisha mbuzi!"

Nikamuuliza, "Mama, hadisi hii, koko yako aliipata wapi?"

"Kwetu iko tangu zamani, mama. Hata koko ya koko yangu aliijua."

Basi nikaelewa kwamba dereva alisema kweli. Niliiba. Lazima niliisikia utotoni, nikaisahau, halafu ikarudi, nikafikiri ni yangu. Na kwa miaka yote nilimuchukia mutu aliyesema kweli na kuniokoa kwa kweli hiyo. Sikulala vizuri kwa dada yangu. Niliporudi Goma nilimutafuta siku hiyo hiyo.

Nilimukuta upande wa Mugunga, kwenye barabara ya Sake, analala chini ya kamio yake na vyombo vya kutengenezea. Miguu tu njo ilionekana. Nikaongea na miguu.

"Papa, nimekuja kukuomba musamaha. Ulisema kweli kwa Mukubwa. Ile hadisi ni ya zamani. Nimeisikia Bunagana kwa masikio yangu."

Miguu ikatulia. Halafu ikaanza kutikisika, na nikasikia kicheko, na nikasikia kichwa kinagonga chuma. Akatoka, mafuta usoni, anashika paji.

"Mama Mwalimu," akasema, "ile hadisi niliitunga pale pale, mbele ya meza yake, nimesimama. Hata mwisho sikuwa nao. Nilipofika kwa mujane, sikujua atajibu nini!"

"Lakini askari alikuta Sake wanaijua!"

"Kwa sababu nilifika mbele yake. Nilipotoka biro, ofisini kwake, nilipanda kamio bila muzigo. Sake niliwapa akina mama wa soko, wakacheka mpaka wakaketi. Nikawaambia: kesho atakuja mutu kuuliza, semeni mulizaliwa nayo. Nikageuza, nikaenda Rutshuru, nikaenda Bunagana. Kila fasi nilipofika nilisimama nikasema fisi, fisi, fisi, mpaka sauti ikaisha. Patron wangu, mwenye kamio, alitaka kunifukuza. Nilikwisha kusema kila mutu anaijua. Ilikuwa lazima kila mutu aijue."

Nikakaa juu ya jiwe. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia miaka yote.

"Weye? Sura yako inasema kila kitu. Ungejua, Mukubwa angeisoma usoni. Na alipohamishwa, nikikusalimu unaangalia mawe."

Akapangusa mikono kwa kitambaa, akaendelea kuipangusa ingawa hakikutoka kitu. "Na mimi siku ile ya muchezo nilikuwa nyuma kabisa," akasema. "Nilikuwa na wivu mpaka tumbo linauma. Nilijua siwezi kutunga kitu kama kile. Na Mukubwa aliposimama, nilikuwa nimeegemea baiskeli ya mutu. Mukono wangu ulikwenda wenyewe."

Munasikia? Amekohoa. Lakini alinipa ruhusa niliseme hilo, na nimelisema.

Tulikaa pale mpaka jua likawa kali. Nilikasirika, nikacheka, nikakasirika tena. Nikamuambia, basi weye njo mutungaji wa kweli, weye umetunga hadisi imekuwa ya koko za watu. Akasema, "Nilitunga na nini, Mama? Nilikuwa na hadisi yako mukononi. Niliigeuza nguo tu." Na hapo nikaanza kuifungua hadisi yangu mwenyewe, ile niliyosema hakuna aliyenipa. Shefu anayeazima bila kurudisha, koko wangu alikuwa naye. Mujane anayesimama mbele ya wakubwa, nilimusikia kwa mama mumoja wa kanisa. Kitu kilicholiwa kikasema toka tumboni, sasa ninavyozeeka nimekisikia kwa Wahunde, kwa Wanande, kwa watu wa Maniema, kila mutu na chake. Jirani yangu tu njo hakuwa amekisikia, na mimi nikachukua kutojua kwake kuwa ushahidi wangu.

Nikaanza kutunga tena. Pole pole, kwa kuogopa. Muchezo wa kwanza niliocheza baada ya hapo, nilisimama mbele ya watu na nikaanza kama koko: huyu nilipewa na fulani, hii nilipewa na fulani. Watu walisikiliza orodha yangu kuliko hotuba nyingi nilizosikia. Na dereva alikuwa mbele kabisa. Nilihakikisha hana baiskeli.

Sasa nyinyi vijana. Munavutana mashati juu ya mama aliyekosa nafasi ya kulala na mutoto aliyezaliwa kati ya nyama wa zizini. Munaniambia hadisi hiyo ni ya kundi gani? Nimeyatazama makundi yote mawili mukifanya mazoezi. Hawa wamemufanya mwenye nyumba kuwa mutu wa forodha anayetaka karatasi. Wale wameweka mama mukunga wa Masisi anayekuja na mvua, kiatu kimoja kimebaki ndani ya matope. Hicho kiatu, nani alikupa, wewe uliyekiandika? Usinijibu hapa. Kama ni kiatu cha mama yako, kitunze, na siku ya Noeli useme jina lake mbele ya watu. Na nyinyi wengine mukiona kiatu kizuri, mutafute chenu.

Nina deni la shukrani ambalo sitalimaliza. Aksanti kwa jirani yangu, Mungu amuweke pema, aliyewaosha watoto wangu na kunipa ile "halafu". Aksanti kwa akina mama wa Sake waliomudanganya askari kwa ajili ya mutu wasiyemujua. Padri, hiyo ni dhambi, najua, lakini uwaombee kwa upole. Aksanti kwa huyu aliyekaa kando ya dirisha, aliyeniita mwizi ili nirudi nyumbani, na aliyevumilia mimi kuangalia mawe.

Na kwa kuwa nimesimama mbele yenu na hadisi, niifunge kwa namna ya kwetu, musije mukaniuliza. Shefu nilipewa na koko. Mujane nilipewa na mama wa kanisa. Fisi nilipewa na dereva. Ng'ombe nilipewa na wachungaji, nao hawakurudishiwa. Kengele nilipewa na Papa, kila mulango uliposukumwa naye akainua kichwa.